Kuuzisha nyumba Lubumbashi: namna ya kumujua komisioneri wa kuaminika

Mutu mwenye kutembea mu Lubumbashi, toka Kenya mpaka Bel-Air, toka Katuba mpaka Ruashi, hawezi kukosa kuona maandiko haya ku ukuta wa lupango: "Parseli hii haiuzishwe." Wengine wanaandika kwa Kifaransa, wengine kwa rangi nyekundu na herufi kubwa. Mugeni anaweza kucheka: mbona mutu anatangaza kitu chenye hauzishi? Lakini wenyeji wanajua. Maandiko yale yako pale juu mwenye nyumba anaogopa mutu mwingine asimuuzishie lupango: pengine ndugu, pengine mupangaji. Na mara nyingi, kati ya mwizi na mununuzi, kuko komisioneri mwenye kuleta kliya bila kuuliza kitu.

Sasa ikiwa ni wewe mwenyewe ndiye unataka kuuzisha, utafanya namna gani? Wengi hawana nafasi ya kutafuta mununuzi peke yao, na komisioneri anajua watu. Shida haiko kumutumia komisioneri. Shida ni kumupa mambo mengi mbele ya kumujua.

Chukua mufano wa mama mumoja mujane wa Katuba. Bwana yake aliacha nyumba ya vyumba vinne na watoto watano. Mama anagonjwa, operasio inaomba makuta, na familia inapatana kuuzisha. Siku ya pili kijana mumoja anafika, amevaa vizuri, anasema: "Mama, niko na kliya moja, iko na makuta ya mukononi. Unipe tu sertifika ya originali, nimuonyeshe leo mangaribi." Mama anawaza operasio, anafungua sanduku. Ni pale mambo yote yanaamuliwa, mu dakika ile moja.

Komisioneri na ajansi

Mu muji wetu, komisioneri ni mutu yeyote mwenye kuunganisha muuzishaji na mununuzi, kisha analipwa komisio. Wengi hawana ofisi. Ofisi yao ni simu, kona ya balabala, kivuli cha muti, na makundi ya WhatsApp yenye picha za nyumba. Pembeni yao kuko ajansi zenye ofisi, kibao ku mulango na muhuri.

Tofauti haiko tu kiti na meza. Mutu ao kampuni yenye kufanya biashara kwa njia ya sheria inapaswa kuwa na namba yake ku rejista ya biashara, yenye kuitwa RCCM, namba ya utambulisho wa taifa (Id. Nat.), na namba ya kodi. Rejista ile ni ya mupango wa OHADA, wenye inchi yetu iliingia mu Septemba 2012, na namba zinatolewa ku ofisi ya pamoja ya kufungua makampuni. Kama ajansi inasema iko ya kweli, kuomba kuona namba zile haiko matusi. Mwenye nazo atazionyesha bila kununa.

Namba haziko dawa ya wongo. Kuko watu wa ofisi nzuri wenye kudanganya, na kuko komisioneri wa chini ya muti mwenye amefanya kazi miaka mingi bila mutu kumulalamikia. Lakini namba inasaidia kitu kimoja kikubwa: siku mambo inaharibika, unajua mulango gani wa kubisha. Mutu mwenye unajua tu jina lake la kuchekesha na namba ya simu, akitoa ile kadi ya simu, amekwisha kupotea.

Sheria inamuona komisioneri kama nani?

Watu wengi wanafikiri kwamba ukimwambia komisioneri "unitafutie mununuzi", umemupa ruhusa ya kuuzisha. Haiko vile. Sheria ya mapatano yenye tunatumia mpaka leo mu Kongo ni ya zamani sana, ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Inasema kwamba mutu akitumwa na mwingine kwa maneno ya jumla tu, anaweza kuchunga mali na kuiangalia, hawezi kuiuzisha. Juu ya kuuzisha, ruhusa sharti itajwe wazi. Tena inasema kwamba mwenye kutumwa anapaswa kutoa hesabu ya kazi yake kwa yule aliyemutuma, na kwamba aliyemutuma anaweza kumutosha kazi ile.

Kwa hiyo kuko karatasi mbili za tofauti, na usizichanganye. Ya kwanza ni karatasi ya kutafuta mununuzi: komisioneri analeta watu, anaonyesha nyumba, wewe unaamua. Ya pili ni prokirasio ya kuuzisha: mwenye kuibeba anaweza kutia sinyatire pahali pako na kupokea makuta. Komisioneri haitaji karatasi ya pili ili afanye kazi yake. Akikuletea karatasi ya kusinye, soma, ao tafuta mutoto wa familia mwenye kujua Kifaransa akusomee neno kwa neno. Ukikuta neno "procuration" ao maneno ya kupokea bei pahali pako, rudisha kalamu ku meza.

Kuko watu wenye kuwa mbali, Kolwezi, Zambia ao Bulaya, wenye hawawezi kufika. Wale wanaweza kuhitaji prokirasio kweli. Lakini waipatie ndugu wa kuaminika ao avoka, mbele ya notere, na iandikwe ni nyumba gani, bei ya chini ni ngapi, na makuta inaingia ku konti gani. Isiwe kwa mutu mwenye kungojea komisio ku biashara ile ile.

Anza na makaratasi yako mwenyewe

Mbele ya kumuchunguza komisioneri, jichunguze. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 juu ya udongo, yenye iliongezwa na ile ya tarehe 18 Julai 1980, inasema kwamba udongo ni mali ya Serikali. Mutu hauzishi udongo, anauzisha haki yenye Serikali ilimupa juu ya udongo ule, pamoja na nyumba yenye kujengwa pale. Mukongomani anaweza kupewa haki ya kudumu. Kuko pia haki ya muda, ya miaka 25 yenye kufanywa upya, na mugeni wa inchi nyingine anaweza kupata ile ya muda tu.

Karatasi yenye kuonyesha haki ile kwa ukamilifu ni moja: sertifika, ile yenye kuandikwa juu yake kwa Kifaransa "certificat d'enregistrement". Inatolewa na konservateri wa titre, haiko na burgumesta, haiko na shefu wa kartie. Watu wengi mu komini zetu wako na karatasi zingine: fishi ya parseli ya komini, karatasi ya kuuziana yenye kusainiwa na shefu wa kartie, mapatano ya kukodi udongo na Serikali, ao kitabu cha zamani cha lozheri. Karatasi zile zinaweza kuonyesha safari yenye parseli imepita, na haziko za kutupa. Lakini haziko sertifika, na bei haiwezi kuwa sawasawa.

Hapa njo pa kumupima komisioneri kwa mara ya kwanza. Mwenye kujua kazi, swali lake la kwanza ni: "Nyumba iko ku jina la nani, na mko na karatasi gani?" Mwenye kuanza na bei na kliya, bila kuuliza jina la mwenye nyumba, anaonyesha kwamba anaweza pia kuuzisha nyumba ya jirani.

Turudi kwa mama wa Katuba. Sertifika iko ku jina la marehemu. Hawezi kuuzisha peke yake, hata kama alijenga na bwana yake tofali kwa tofali. Kodi ya Familia, sheria ya tarehe 1 Agosti 1987 yenye iligeuzwa mu 2016, inaweka watoto wa marehemu ku kundi la kwanza la warizi: wale wa ndani ya ndoa, na wale wa inje wenye baba aliwatambua mu uzima wake. Kundi lile linapata robo tatu ya urizi. Mujane naye iko na haki zake: sehemu yake ya mali yenye walipata pamoja mu ndoa, na haki ya kuendelea kutumia nyumba yenye waliishi. Kwa hiyo sharti familia ikae, likidateri wa urizi ajulikane, na karatasi ya tribinali itoke, juu konservateri hawezi kugeuza jina la marehemu kwa maneno ya kinywa. Komisioneri mwenye kusema "hiyo si kitu, tutapanga na watu wa ofisi" anamutayarishia mama kesi na watoto wake mwenyewe.

Na kama bwana iko muzima? Kodi ile ile inaomba ukubali wa bibi na bwana wote wawili juu ya kuuzisha nyumba, hata kama sertifika iko ku jina la mumoja. Bwana hawezi kuuzisha kwa siri wakati bibi iko Kipushi kwa wazazi. Komisioneri wa kweli anaomba kuwaona wote wawili.

Mambo matano ya kuchunguza

La kwanza, kikao chake. Mufuate mpaka pahali anafanyia kazi, na ujue pahali analala. Uliza shefu wa kartie, uliza majirani, uliza mwenye duka la pembeni. Mu Lubumbashi watu wanajuana, na jina mbaya linatembea mbio.

La pili, kazi yake ya nyuma. Omba akupeleke kwa watu wawili ao watatu wenye waliuzisha kupitia yeye. Haiko wanunuzi tu, wauzishaji. Uliza hawa: mulipata bei yenye mulipatana? Makuta ilitoka yote? Karatasi zilirudi? Mwenye hana hata mutu mumoja wa kukuonyesha, afazali aanze na nyumba ya mutu mwingine.

La tatu, namna anasema bei. Wa wongo anakusifia: "Nyumba hii itatoka dola 80 000 mu siku tatu." Anataka umupe kazi, kisha kila juma anakushusha, mpaka unachoka na unakubali ya kliya yake. Wa kweli anaeleza: avenue iko namna gani wakati wa mvua, maji ya Regideso inafika ao haifike, moto wa SNEL uko namna gani, lupango iko na metre ngapi, karatasi ni gani, jirani mwenye nyumba ya kufanana aliuzisha ngapi. Pitisha komisioneri wawili ao watatu, kila mumoja peke yake, na ulinganishe. Bei yenye iko mbali na zingine, ya juu sana ao ya chini sana, inaomba maelezo.

La ine, anasimama upande gani. Komisioneri mwingine anataka komisio kwako, komisio kwa mununuzi, na makuta ya "visite" kwa kila mutu mwenye kuja kuangalia. Mwambie aseme wazi, mbele yenu wawili, nani anamulipa na kiasi gani. Mutu mwenye kulipwa pande mbili kwa siri hawezi kukupigania bei.

La tano, anafanya nini na karatasi. Fotokopi inatosha juu ya kumuonyesha mununuzi. Kama mununuzi anataka kuhakikisha, wote waende pamoja ku ofisi ya konservateri na ku kadastri, waulize kama sertifika ni ya kweli, kama iko na hipoteki ya benki, kama iko na kesi. Lubumbashi haina ofisi moja tu ya udongo, kwa hiyo jua kwanza parseli yako inategemea ofisi gani. Originali inatoka mu nyumba siku ya kutia sinyatire, mu mukono wa mwenyewe.

Ile ya kuongeza bei kwa siri

Kuko mayele moja yenye imeenea sana, na wengi hawaioni kama wizi. Mwenye nyumba anasema: "Mimi nataka dola 30 000." Komisioneri anaenda kwa mununuzi, anasema: "Mwenyewe anataka 36 000." Dola 6 000 zinabakia mu mufuko wake, na juu yake anakuja kukuomba komisio. Ili afaulu, sharti muuzishaji na mununuzi wasionane. Njo maana anasema: "Mama, usisumbuke, kliya ni mutu mukubwa, haongeangi na watu."

Dawa yake ni mbili. Kwanza, bei iandikwe ku karatasi ya mapatano, na iandikwe kwamba kitu chote chenye kuzidi ni cha mwenye nyumba. Pili, usitie sinyatire ku karatasi ya kuuziana bila kukaa uso kwa uso na mununuzi na kumuuliza kwa kinywa chako: "Wewe unalipa ngapi?" Swali lile dogo limeokoa nyumba nyingi.

Mapatano ya komisio

Usiache komisio ku maneno. Hata karatasi ya daftari inatosha kama iko na mambo haya: majina ya wote wawili na namba za kadi zao, adresi ya nyumba, bei ya chini, komisio ni asilimia ngapi, nani analipa, inalipwa siku gani, mapatano inaisha lini. Mufano, mukipatana asilimia 5 ku nyumba ya dola 40 000, komisio ni dola 2 000. Fanyeni hesabu pale pale, muandike namba. Muandike pia kwamba komisio inalipwa kisha makuta ya nyumba imefika, haiko mbele.

Ongeza mustari mumoja juu ya "mulolongo". Mu muji wetu komisioneri mumoja anaita mwenzake, mwenzake anaita mwingine, na siku ya kulipa watu sita wanasimama ku mulango, kila mumoja anasema "ni mimi nilileta kliya". Ku karatasi iandikwe: komisio ni moja, inalipwa kwa mutu mumoja, wengine watagawana naye.

Siku ya makuta

Sinyatire inatiwa mbele ya notere ao mbele ya konservateri, haiko mu baa, haiko mu gari. Mashahidi wa pande mbili wawe pale. Makuta mengi yapite ku benki, ku konti ya muuzishaji mwenyewe: benki inahesabu, inaangalia noti za wongo, na inaacha alama. Dola 40 000 mu mufuko wa plastiki, jua linaenda kutua, ni kualika wezi.

Kama mununuzi anatoa avansi, muandikiane resi yenye kusema ni ngapi, ni ya nyumba gani, salio inalipwa lini, na itakuwa namna gani kama mumoja anarudi nyuma. Avansi isipite mu mukono wa komisioneri. Na usiachilie sertifika ya originali kama salio haijaingia. Kiisha malipo, mununuzi anaenda na karatasi ya kuuziana na sertifika ya zamani kwa konservateri ili jina ligeuke. Muandike mapema nani analipa feza za kazi ile, juu mabishano mengi yanaanzia pale.

Kama imekwisha kuharibika

Mutu mwenye kuuzisha nyumba yenye haiko yake anafanya kosa lenye sheria ya makosa inaita "stellionat". Komisioneri mwenye kula makuta yenye alipewa ya kupeleka, naye anaweza kufuatwa ku paruke. Lakini usikae kulia na majirani tu. Siku ile ile unajua kwamba sertifika yako iko mu mukono wa mutu, andika barua kwa konservateri umujulishe, ubakie na kopi yenye muhuri wa mapokezi. Kisha uende ku paruke na avoka. Sheria ya 1973 inaweka muda wa miaka 2 mu mambo ya kudai kurudishiwa kisha jina limegeuka. Muda ukipita, unabakia kudai malipo tu, na nyumba imekwenda. Mwenye kungoja "tumalize kifamilia" mara nyingi anamaliza muda.

Mama wa Katuba sasa. Kijana wa mavazi mazuri anangoja ku mulango. Mama afunge sanduku, amwambie: "Mwanangu, kliya wako aje yeye mwenyewe, kesho asubui, watoto wangu wote watakuwa hapa. Fotokopi iko." Kama kliya iko wa kweli, atakuja. Mutu mwenye makuta ya kununua nyumba hashindwi na usiku mumoja. Kama haji, mama hajapoteza kitu: nyumba iko, sertifika iko, na wakati wanatafuta komisioneri mwingine, mutoto mukubwa anaweza kwenda ku tribinali kuanza karatasi ya likidateri. Bila karatasi ile, komisioneri hata awe muzuri namna gani hataweza kuuzisha.